Bwana Nyama wa Malvern

Sadru Jiwani alianza kuwapenda dubu weupe alipostaafu na kukosa watu wa kuwaamrisha. Kabla ya hapo, huko Arusha, aliishi kwa kuwapeleka matajiri wa Ulaya na Marekani porini wakaue chui na simba, wapige picha na mizoga, kisha wakate vichwa waondoke navyo. Hayo Toronto hakuyasema. Toronto alikuwa mwenyekiti wa Marafiki wa Dubu Mweupe, kundi la wazee wa mtaa wa Malvern waliokutana kila mwezi kula kachori na kuwalaani Wainuiti, wenyeji wa kaskazini wanaowinda dubu hao. Gari lake kubwa aliliacha likinguruma nje lipate joto, huku yeye ndani akieleza kwa uchungu jinsi barafu inavyoyeyuka.

Mkewe, Razia, alikuwa amemzoea. Lakini majira ya baridi ya 2013, Marekani ilipotaka biashara ya ngozi za dubu ipigwe marufuku dunia nzima na Kanada ikakataa, Sadru alivimba kichwa kupita kiasi. Na ndipo Zara, binti yao wa pekee, aliposema anataka kuolewa na Joanasie.

Joanasie alikuwa Mwinuiti, muuguzi mwenzake Zara. Kwao kaskazini watu waliwinda dubu kila mwaka, kwa idadi iliyopangiwa kijiji chao. Alimwambia Sadru hivyo bila kuulizwa, maana hakujua kama ipo nyumba ambamo jambo hilo ni aibu.

Tofauti ya dini Sadru angeimeza. Pale jamatkhana, walikosali Waismailia wenzake, kadhaa walikuwa na wakwe Wazungu na maisha yalikuwa yakiendelea. Dubu ndiye aliyemkwama kooni.

"Wenzangu watanionaje?" alifoka. "Mwenyekiti mzima, nimwoze jangili binti yangu!"

"Jangili?" Razia akamuuliza. "Na wale Wamarekani wako wa Arusha walikuwa nani?"

"Wale walikuwa wawindaji. Walikuwa na leseni."

"Na huyu kijiji chao kina kibali."

"Razia, usinichanganye."

Zara alimfuata mama yake jikoni, machozi yakimlengalenga. Alisema kwa Kiingereza chake kwamba baba akikataa, yeye ataolewa vivyo hivyo, lakini nyumba hii hataikanyaga tena. Razia alimjua mwanawe; ukaidi alikuwa ameurithi kwa baba yake wote, haukubaki hata wa kumgawia jirani. Hofu ikamshika kwelikweli. Ampoteze mtoto kwa ajili ya mnyama ambaye mumewe hajapata kumwona ila kwenye kalenda! Akamwambia Zara awaite wageni Jumapili.

Joanasie alikuja na shangazi yake, Leetia, aliyepanda ndege kutoka kijijini kwao kuja kuposa. Alikuwa mama mfupi mwenye miwani minene, akala mishkaki ya Razia bila haya na kuomba pilipili zaidi. Razia akampenda hapo hapo.

Kabla ya mazungumzo, Leetia alitoa maneno ya heshima kwa lugha yake, na Joanasie akafasiri. Sadru hakukubali kupitwa. Nyumbani kwao walizungumza Kikachi, lugha ya mababu zao wa Kihindi, na Kiingereza, Kiswahili kikitoka watu wakitaniana au wakigombana, lakini siku ile Sadru akajitia Mswahili wa kufa mtu. Akasimama, akakohoa, akaanza kuhutubia kama mtangazaji wa redio ya zamani. Zara akaambiwa afasiri kwa Kiingereza.

Alihutubia juu ya uhifadhi. Alihutubia juu ya vizazi vijavyo. Zara akawa anaruka nusu ya maneno. Kisha Sadru akapiga kifua.

"Ukoo wetu umewalinda wanyama tangu enzi na enzi. Marehemu baba yangu, mimi hapa, alikuwa Bwana Nyama!"

Razia nusura ateme chai. Bwana Nyama, yaani afisa wa wanyamapori, alikuwa Mwingereza. Baba mkwe alikuwa karani katika ofisi yake. Vyeo alianza kupandishwa Kanada, akiwa tayari kaburini, na mwanawe ndiye aliyekuwa akimpandisha.

Zara naye alizaliwa Scarborough, huko huko Toronto. Bwana Shamba, Bwana Afya, Bwana Nyama, hakuna aliyepata kumfundisha. Nyama aliyoijua ni ile ya sufuriani. Kwa hiyo akafasiri kwamba babu yake alikuwa bwana wa nyama, na kwa kuwa maneno hayo yalisikika kama mzaha, akaongeza chumvi kidogo: yaani mtu aliyewapa watu nyama.

Uso wa Leetia ukachangamka. Akainuka, akamshika Sadru mkono kwa mikono yake miwili.

"Mbona hukuniambia?" akamgombeza Joanasie kwa Kiingereza. "Hawa ni watu kama sisi! Baba yangu naye alikuwa hivyo. Akiua dubu, hakuna nyumba iliyolala njaa."

Akaeleza kwamba ngozi huuza wakanunua petroli na risasi, lakini nyama hugawiwa, wazee kwanza. Hata tajiri wa nje akija kulipia kuwinda, huondoka na ngozi tu, nyama inabaki kijijini.

Kiingereza hicho Sadru alikielewa vizuri sana. Neno moja tu lingetosha kusahihisha. Lakini tangu astaafu hakuna aliyemshika mkono kwa heshima namna ile, na sifa zikamlevya. Akatabasamu, akainamisha kichwa, akazipokea. Mwenyekiti wa Marafiki wa Dubu!

"Na wewe ulimfuata baba yako?" Leetia akauliza, mkono bado kaushika.

"Miaka mingi," alijibu Sadru, kwa Kiingereza sasa, Uswahili umemwisha. "Chui. Simba. Simba wakubwa!"

"Simba ana ladha gani?"

Sadru akatoa macho. "Simba... simba haliwi."

"Basi wale mliowaua, nyama mlimpa nani?"

Sadru akamtazama mkewe amwokoe, kama alivyozoea kuokolewa. Razia akamtazama Zara, aliyekuwa amekunja vidole hadi vimekuwa vyeupe. Hasira aliyoimeza tangu Arusha ikampanda yote kwa mara moja, na hakuona sababu ya kuimeza tena.

"Hakupewa mtu," alisema polepole, kwa Kiingereza, asihitaji mkalimani. "Walichukua kichwa, mzoga wakauachia fisi. Na baba yake hakugawa nyama. Alikuwa karani wa ofisi iliyowafunga watu kwa kula nyama ya porini."

Leetia akauachia mkono wa Sadru. Akakaa, akamwambia Joanasie kitu kwa lugha yao, wakabishana.

"Anasemaje?" Sadru akauliza.

Joanasie akaona haya kusema, akasema. "Anasema hana hakika kama inafaa kuoa katika nyumba inayoua na kutupa."

Zara akabadilika rangi. Na Sadru, ambaye maneno ya kukataa posa alikuwa ameyaandaa wiki nzima, akajikuta anabembeleza.

"Mama, sisi ni watu wema! Hayo yamepita. Siku hizi nawalinda dubu!"

"Dubu gani?" akauliza Leetia. "Wako wapi?"

Leetia akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akamwangalia Zara kwa muda. Kisha akamgeukia Razia, kana kwamba mwenye nyumba ametoka.

"Binti tunamtaka," alisema. "Huyu baba tutamfikiria."