Verbena Iliyonyolewa Siku Moja

Mzee Mkasi alinyoa vichwa vya watu kwa miaka thelathini na minane, na katika miaka yote hiyo, kwa maelezo yake mwenyewe, alimkata mteja mara moja tu, na mteja huyo alikuwa amepiga chafya. Alikuwa pia na hadithi ya tetemeko la ardhi lililomkuta katikati ya kichwa cha mtu. Kioo kilianguka, kiti kilizunguka mara mbili, na jengo lilipotulia ikaonekana mstari wa nywele umenyooka kuliko rula. Aliyetaka kuamini aliamini. Asiyetaka alinyamaza, maana wembe ulikuwa shingoni mwake.

Kisha magoti yakamgomea. Alifunga duka, akahamia kwa mwanawe kwenye ghorofa ya tatu ya jengo lenye familia kumi na nane. Mwanawe alikuwa dereva wa lori, mtu wa safari. Aliyekuwa nyumbani kutwa ni mke wa mwanawe, fundi cherehani, ambaye alishona sare za shule palepale sebuleni. Mzee alikaa kwenye kochi akisimulia, na mkwe alishona akiitikia "naam, Baba", "kumbe, Baba", mpaka siku moja akashona mfuko wa shati upande wa ndani. Jioni hiyo alisema kwa adabu zote, "Baba, nasikia jua la kule chini ni zuri kwa magoti."

Mzee hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Kinyozi anamjua mtu aliyechoka kusikiliza. Kesho yake alibeba stuli yake, akashuka ngazi moja moja.

Huko chini, kati ya ukuta wa jengo na njia ya kwenda getini, palikuwa na ukanda wa udongo wenye urefu wa hatua thelathini na upana wa hatua tatu. Hapakuota kitu ila vizibo vya soda. Nesi aliyekaa chumba cha chini, mwanamke wa makamo asiyecheka ovyo, alikuwa na beseni moja la verbena chini ya dirisha lake. Ni ua lisilosimama. Shina lake hulala na kutambaa, na likifika ukingoni mwa beseni humwagika nje, huku ncha zikiwa zimebeba vishada vya vijiua vya zambarau. Alimkatia Mzee vipande kumi na viwili vya shina, kila kimoja urefu wa kidole.

"Ng'oa majani ya chini, chomeka hiki kifundo kwenye udongo, mizizi itatokea hapo hapo," alisema. "Lipe jua lote ulilonalo. Maji mwagia chini, asubuhi, usilioshe majani. Na udongo upitishe maji, usifanye dimbwi."

"Kwa hiyo halitaki kuogeshwa."

"Halitaki kusumbuliwa, Mzee."

Mzee alivichomeka vipande vyote kwenye ukanda ule. Kila shina lililotambaa likagusa udongo lilitoa mizizi, naye akalikata na kulihamisha. Baada ya miezi mitano ukanda ulikuwa umejaa, na makopo kumi ya rangi, yaliyotobolewa matundu chini kwa msumari, yalikuwa yamepangwa ukutani yakimwaga maua. Watu wakaanza kusimama. Fundi redio alisimama akienda kazini, akasimama tena akirudi. Wanawake wenye ndoo walisimama, wanafunzi walisimama, mpaka mkusanya taka alizima toroli lake kana kwamba lina injini. Mzee hakuwa na kioo wala kiti cha kuzunguka, lakini wasikilizaji wake alikuwa amewapata tena, na tetemeko la ardhi lilikuwa limeshaongezeka kutoka dakika moja hadi robo saa.

Jumatatu moja asubuhi karatasi ilibandikwa getini. Mwenye nyumba alikuwa anataka kumwaga zege kwenye ukanda ule, paegeshwe magari manne. Angekuja Jumamosi ya wiki ya pili kujionea. Kama kweli kulikuwa na bustani ya maana, angefikiria upya. Kama hakuna, fundi angeanza Jumatatu yake.

Mkwe aliisoma mara mbili. Akamtazama Mzee, akatazama juu dirishani kwake, palipokuwa na cherehani na kochi. "Baba," alisema, "hayo maua yasikose siku hiyo."

"Hayatakosa."

"Nasema tu, Baba. Nina sare arobaini za kumaliza."

Tatizo ni kwamba verbena ilikuwa imechoka. Mashina yalikuwa marefu na matupu katikati, kama kichwa cha mtu anayeficha upara kwa nywele za pembeni, na vishada vingi vilikuwa vimekauka na kushika mbegu. Asubuhi ileile Nesi, akiwa na mkoba begani na basi likimsubiri, aliinama akashika shina moja.

"Kata theluthi moja, litachipua upya," alisema. "Kata upande mmoja tu kwanza, huo mwingine uache mpaka..." Basi likapiga honi, akakimbia.

Mzee alipanda juu, akateremka na mkasi wake wa kazi, uliofungwa kwenye kitambaa chenye mafuta. Alianzia getini. Mkono ulikumbuka kila kitu: kuchana kwa vidole, kuinua, kukata, kupuliza. Saa nne alikuwa amefika katikati ya ukanda. Akasimama, akarudi nyuma hatua mbili kama alivyozoea, akatazama.

Upande mmoja umenyolewa safi. Upande wa pili vichaka.

Alijaribu kuondoka. Alifika mpaka kwenye ngazi ya kwanza. Lakini katika miaka thelathini na minane hakuna mtu aliyetoka dukani kwake akiwa amenyolewa nusu kichwa. Umeme ulikuwa unakatika mashine ikiwa utosini, naye alimalizia kwa wembe. Mteja mmoja aliitwa haraka mkewe amejifungua, na Mzee alimalizia kumnyoa wakitembea pamoja barabarani, au ndivyo alivyosimulia. Akarudi. Akanyoa upande wa pili, na ili upande wa kwanza usionekane mrefu akaupunguza kidogo, kisha wa pili nao, kisha makopo yote kumi. Adhuhuri ukanda mzima ulikuwa umenyolewa kama kwa mashine namba moja.

Nesi alirudi saa kumi jioni. Alisimama getini.

"Nani amefanya hivi?"

"Mimi," alisema Mzee kutoka kwenye stuli yake. "Umeionaje hiyo mistari?"

"Maua yako wapi?"

"Kwenye ndoo."

"Mzee, nilikuambia upande mmoja!"

"Nusu kichwa, Nesi? Ningeutoa wapi uso wa kukaa hapa?"

Nesi alitua mkoba chini. "Upande mmoja ulikuwa ubaki na maua, hata kama ni machache, wakati ule mwingine unachipua. Sasa itachukua wiki tatu. Jua likiwa zuri, siku kumi na nane. Mwenye nyumba anakuja baada ya siku ngapi?"

Mzee hakuwa na haja ya kuhesabu, ila alihesabu kwa vidole ili apate muda. "Kumi na mbili."

Nesi aliutazama ukanda kama manesi wanavyotazama kipimo. Halafu aliingia ndani akatoka na mbolea ya maji kwenye chupa ya dawa ya kikohozi. "Kizibo kimoja kwenye ndoo nzima. Mara moja kwa wiki. Ukizidisha utapata majani matupu."

Siku zile kumi na mbili zilikuwa ndefu. "Mzee, umeyapeleka jeshini?" aliuliza fundi redio. Mkusanya taka alitaka kujua kama na yeye anaweza kunyolewa hivyo, na bei yake. Mzee aliwajibu wote, lakini hadithi zilikuwa fupi. Kila asubuhi alimwaga maji kwenye mizizi, akapiga magoti yake mabovu kutafuta machipukizi, na kila jioni alipanda ngazi akakaa kwenye kochi bila kusema neno. Mkwe alianza kuingiwa na wasiwasi.

"Baba," alisema Ijumaa jioni, "nina vipande vya kitambaa cha zambarau. Nikikata vijiua vidogo nikavishona kwenye waya, kwa mbali hatajua."

Mzee alikishika kile kitambaa. Rangi ilikuwa yenyewe hasa. Alikifikiria kwa muda mrefu kuliko alivyokuja kukiri baadaye. Kisha akamrudishia.

"Mwanangu, kwenye hadithi nadanganya," alisema. "Kwenye kichwa cha mtu sijawahi."

Jumamosi mwenye nyumba alifika na fundi ujenzi aliyeshika futi ya kamba. Alikuwa mtu wa miaka arobaini, mnene, mwenye funguo nyingi. Utotoni baba yake alikuwa anamleta dukani kwa Mzee kila baada ya wiki mbili, akawekwa juu ya ubao ili afikie kioo.

"Shikamoo, Mzee wangu. Bado unapiga chuku?"

"Marahaba. Napunguza."

Mwenye nyumba aliutazama ukanda mzima, kutoka getini mpaka mwisho. Ulikuwa kijani, mfupi, sawasawa. Hapakuwa na ua hata moja. "Niliambiwa hapa kuna maua."

Hadithi ilikuwa tayari mdomoni, yenye nyuki elfu kumi na mgeni kutoka ng'ambo aliyeomba kuyanunua yote. Fundi ujenzi alikuwa ameshaanza kufungua futi yake. Mzee alifunga mdomo, akaufungua tena.

"Nimeyanyoa yote siku moja," alisema. "Nesi aliniambia nikate nusu. Nilishindwa kuacha nusu. Kosa ni langu."

"Yatarudi lini?"

"Siku sita. Yakichelewa, tisa."

"Wewe ndiye uliyeniambia ulimnyoa mtu kwenye tetemeko la ardhi."

"Hilo lilitokea."

"Mzee."

"Lilitokea kidogo."

Mwenye nyumba alicheka mpaka funguo zikalia. Mzee hakucheka. Alishika ukuta, akajishusha polepole mpaka magoti yakafika chini, akapekua majani. "Njoo uone." Kwenye ncha za mashina mapya kulikuwa na matumba ya kijani yaliyobanana, kila moja dogo kuliko kichwa cha kiberiti. Mwenye nyumba alichuchumaa. Akaangalia shina moja, akaenda hatua tano mbele akaangalia lingine alilolichagua mwenyewe. Nalo lilikuwa na matumba.

"Haya, nakuamini," alisema akisimama. "Lakini magari nayo ni shida ya kweli. Yanalala barabarani, mwezi uliopita mpangaji mmoja alivunjiwa kioo. Siwezi kukuachia pote. Nitachukua nusu, magari mawili. Nusu ile ya mbali, yasizibe geti."

Mzee aligeukia upande huo. Nusu ya mbali ndiyo iliyokuwa na jua kutwa. Nusu ya getini ilifunikwa na kivuli cha tangi la maji tangu saa sita, na huko majani yalikuwa yanashika ukungu mweupe kama unga, hata Nesi alikuwa ameshakata tamaa nako.

"Chukua," alisema. "Ila gari likikaa pale kuanzia saa sita, mpangaji wako atashika usukani kwa taulo. Na tangi lenyewe limekuwekea kivuli cha bure hapa getini."

Mwenye nyumba alitazama juu kwenye tangi, akatazama kivuli chini, akamgeukia fundi. "Magari mawili yakikaa hapa, geti linafunguka?"

Fundi alipima. "Linafunguka. Linabaki na futi tatu."

"Basi hapa."

Jumapili Mzee na Nesi waling'oa miche ya upande wa getini, wakatupa ile yenye ukungu, na iliyokuwa mizima wakaipanda kwenye makopo mengine ambayo mkwe aliyaokota kwa fundi rangi. Nesi aliyapanga mwenyewe na kuandika namba kwa chaki: yenye namba shufwa yangekatwa mwezi mmoja, yenye namba witiri mwezi unaofuata. "Na mkasi utakaa kwangu," alisema. Mzee alibisha kidogo, akamkabidhi. Jumatatu zege likamwagwa.

Ijumaa asubuhi, siku ya kumi na nane tangu kunyolewa, mpangaji wa ghorofa ya nne aliegesha gari lake kwenye zege jipya. Alikuwa mlinzi wa zamu, mtu ambaye siku zote aliacha gari nyuma ya jengo akaingilia huko, na hakuwahi kuzungumza na Mzee. Sasa ilibidi apite mbele ya maua. Alisimama.

"Naona yameanza," alisema. "Mangapi?"

"Vishada vitatu."

"Vitatu tu?"

"Vitatu. Hesabu mwenyewe."

Mlinzi alitia funguo mfukoni, akainama, akaanza kuhesabu, na Mzee akamsogezea stuli.