Majina Yamefichwa kwa Usalama

Mama Chapa alipofika namba nne ya ile ripoti, alikuwa ameshachoka na uongo wa watu wazima. Lakini kazi ilikuwa ya kanisa, na kibanda chake cha kuchapa na kutoa kopi kilikuwa ndani ya uwanja wa kanisa hilohilo, hivyo hakuwa na ujanja wa kuikataa. Makao makuu yalitaka kila usharika ueleze namna waumini wake wanavyoonewa kwa sababu ya imani yao, na mgeni angekuja Jumapili kuipokea ripoti hiyo. Kamati ilikuwa imejipanga kwenye benchi lake dogo, Mwenyekiti, Katibu na mama wa kwaya, nyuso zimewaiva kwa huzuni utadhani wametoka kuzika.

Namba moja ilisema kanisa limenyamazishwa na serikali. Ukweli wenyewe ni kwamba kulikuwa na spika nne juu ya paa, zote zimeelekezwa wodi ya wazazi ng'ambo ya barabara, na bwana afya alikuja na kofia mkononi akaomba ziteremshwe mbili.

"Andika 'mateso'," Mwenyekiti alisema. "'Usumbufu' ni neno dogo."

"Mzee, si waliomba tu mpunguze sauti?"

"Hivyohivyo ndivyo yanavyoanza, mama. Wewe andika."

Namba mbili ilikuwa ya Katibu. Eti alipewa onyo kazini kwa kumtaja Mungu. Mji mzima unajua alifunga dirisha la kulipia maji kwa saa nzima, akaingia kwenye maombi huku foleni ikifika getini, na mzee mmoja akazimia juani. Namba tatu ilikuwa ya mama wa kwaya, aliyenyimwa kipaza sauti kwenye harusi ya mpwa wake, eti kwa kuwa bwana harusi ni wa dini nyingine. Waliomnyima walikuwa wanaogopa wimbo wake wa beti kumi na nane, na hata malaika wangeogopa.

"Majina yote uyafiche," Katibu aliagiza, sauti imeshuka kana kwamba nje kuna wapelelezi. "Andika 'mama mmoja', 'mwajiri mmoja'. Na chini kabisa uweke: majina yamefichwa kwa usalama."

Mama Chapa alijiuliza ni nani atakayemwinda mama wa kwaya kwa sababu ya kipaza sauti. Alicheka kimoyomoyo, lakini kicheko kilikuwa kichungu. Shangazi yake mwenyewe alikimbia nchi na watoto watatu baada ya kanisa lao kuchomwa moto watu wakiwa ndani. Mpaka anakufa, mama yule hakuwahi kutumia neno mateso. Alisema tu, "kule tulikotoka." Na hawa hapa wanagombania neno hilo kama nyama ya bure.

Kesho yake asubuhi akaja Hamira kutoa kopi za vyeti vyake. Jina hilo alipewa na wenzake kwenye bekari ya Mwenyekiti, alikokanda unga miaka kumi na moja. Mama Chapa alimjua tangu zamani, wakiitana dada.

"Vyeti vya nini tena, dada?"

"Natafuta kazi. Nimefukuzwa."

Alisimulia bila kupandisha sauti. Mwaka jana alihamia kanisa linaloitunza Sabato. Akaomba Jumamosi apumzike, na Jumapili, siku ambayo wengine wote wanaikimbia, aje yeye kuwasha tanuri. Mwenyekiti alimjibu mbele ya wafanyakazi wote kwamba huyo Mungu wake wa Jumamosi basi ndiye amlipe mshahara, akamwambia avue aproni. Bekari nyingine mbili zimeshamwambia zinataka wasichana, na yeye ana miaka arobaini na minane, na nyumbani mama yake hawezi kunyanyuka kitandani bila yeye.

"Umekwenda kwenye kamati? Si ndio wanakusanya habari za walioonewa?"

"Nilikwenda. Katibu akaniambia hilo ni suala la kazi. Wao wanashughulikia imani."

Mama Chapa alimtazama, kisha akaitazama kompyuta yake. Siku zote aliwadharau watu wale kwa ndani, akawatolea kopi kwa nje, na dharau ya namna hiyo haimgharimu mtu kitu. Safari hii damu ilimchemka. Kamati ilikuwa imeishia namba sita; yeye akachapa namba saba kwa kufuata maagizo neno kwa neno. Mama mmoja, mwokaji. Mwajiri mmoja. Maneno ya mshahara aliyaacha kama yalivyosemwa, ila Jumamosi akaigeuza kuwa "siku ya ibada", maana hiyo nayo ingemtambulisha mtu.

Katibu alipokuja kuchukua ripoti, alihesabu tu. "Saba," akasema, ameridhika. "Saba ni namba nzuri."

"Jumapili njoo," Mama Chapa alimwambia Hamira. "Kaa nyuma. Acha Mwenyekiti ayasome maneno yake kwa mdomo wake mwenyewe. Akileta ubishi, mimi nipo, nitasema."

Jumapili kanisa lilijaa mpaka kwenye ngazi. Mwenyekiti ndiye aliyesoma, na kusoma alijua. Sauti yake ilipanda na kushuka mpaka spika mbili za kuteremshwa zikawa kitu halisi cha kuliliwa. Mgeni kutoka makao makuu alikaa mbele na kalamu yake, akiandika.

Walipofika namba saba Mwenyekiti alipunguza mwendo. Akasoma habari za mama mmoja aliyekanda unga miaka kumi na moja, akaomba siku ya ibada, akaambiwa Mungu wake amlipe mshahara. Sauti ikakatika. Akatoa leso.

"Ndugu zangu," alisema, "huyu mwajiri ana moyo wa namna gani? Huyu naye alinyonya ziwa la mama?"

Watu wakaguna. Mama Chapa alikuwa amesubiri kumwona akipaliwa, akitoka jasho, akitafuta maji. Wapi. Nyani haoni kundule, na huyu alikuwa analia machozi ya kweli kwa ajili ya mtu aliyemfukuza mwenyewe, bila kukumbuka hata kidogo.

Mgeni aliguswa. "Kama mama huyo yumo humu, asimame tumwone. Asiogope. Na mwajiri wake atajwe, ili tumwendee."

Hamira akasimama. Alikuwa amevaa gauni lake la kazini, lile la buluu, maana ndilo zuri alilonalo.

"Ni wewe, mzee," alimwambia Mwenyekiti. "Siku ile mbele ya tanuri. Sikuja kukuaibisha. Naomba kazi yangu tu. Jumapili nitakuja peke yangu."

Watu wakageuza shingo nyuma. Mwenyekiti alivua miwani, na kwa kitambo kidogo akawa mzee wa kawaida aliyekamatwa, mdomo wazi, mkono umeganda kwenye karatasi. Mama Chapa alimwona akimtazama Hamira vizuri, na akaamini kabisa kwamba anakwenda kusema ndiyo.

Kisha akavaa miwani yake.

"Mnaona," alisema polepole. "Kikulacho ki nguoni mwako. Nasimama kuwatetea wanaoonewa, na adui anamtuma mtu mpaka ndani ya nyumba hii anichafue mbele ya mgeni. Haya sasa ndiyo mateso yenyewe. Anayetaka kuyajua, ayatazame hapa." Akaugeukia umati. "Kuna anayejua kitu kingine aseme?"

Katibu alitazama viatu vyake. Wafanyakazi wa bekari, tisa, walikuwa benchi la tatu, wote walikuwepo siku ile mbele ya tanuri, na wote walikuwa wakifungua vitabu vyao vya nyimbo wakitafuta ukurasa. Mama Chapa alifungua mdomo. Maneno yalikuwepo, yamejipanga, yamechapwa tayari kichwani. Mwenyekiti alimtazama, si kwa hasira, kwa upole tu wa mwenye nyumba, na mdomo ukafungika wenyewe.

Mgeni akafunga daftari lake kwa haraka, akainuka. "Tumwombee baba yetu, kanisa. Amejeruhiwa leo. Kila mmoja anyooshe mkono wake kwake."

Mikono ikainuka benchi kwa benchi, mia tatu na zaidi, yote ikimwelekea Mwenyekiti aliyeinamisha kichwa mbele. Hamira peke yake ndiye aliyebaki na mikono chini. Aligeuka taratibu kumtafuta mtu mmoja aliyemwahidi kusema, akampata karibu na nguzo.

Mkono wa Mama Chapa ulikuwa juu, umenyooka vizuri kuliko ya jirani zake.