Gauni la Chupa Mia Nane

Haya ninayoandika ni kweli tupu. Sikuongeza neno wala sikupunguza, na mwenye shaka akae nayo kwake. Chumvi nilikatazwa na daktari, ya kwenye chakula na ya kwenye maneno. Isitoshe, fundi mwenyewe ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, na yu hai, na ana mkasi.

Watu wanamwita Mama Sindano. Duka lake ni chumba kimoja nyuma ya stesheni, chenye cherehani mbili, kioo kirefu kilichopasuka pembeni, na meza ya kukatia nguo ambayo zamani ilikuwa mlango. Kwa miaka ishirini na miwili amewashonea wakubwa. Na kwa miaka hiyo yote, kila mkubwa akiulizwa gauni limetoka wapi, anainua kidevu anasema, "Ng'ambo." Mama Sindano ameitwa ng'ambo mara nyingi hata kuna siku anahisi kichefuchefu cha safari.

Siku Meneja alipoingia, alikuwa na simu mbili na miwani ya jua ambayo hakuivua hata ndani. Yeye ndiye aliyesimamia mambo ya yule mwimbaji aliyeteuliwa mwaka ule kuwa Balozi wa Tabianchi. Kabla ya hapo bibie alikuwa balozi wa sabuni, kisha balozi wa unga wa ngano, na kwa miezi mitatu alikuwa balozi wa bia na balozi wa kampeni ya kuacha bia, kwa pamoja.

"Mama, tunataka gauni la chupa za plastiki," alisema Meneja. "Zile za takataka. Balozi atalivaa siku ya kuzindua kampeni, ili ujumbe uwafikie wananchi."

"Ujumbe gani?"

"Kwamba dunia inapata joto."

Mama Sindano alikuwa akijipepea kwa karatasi ya ruwaza ya suruali. "Wananchi wanajua. Mimi nilidhani wasiojua ni nyinyi."

Meneja akacheka kama mtu anayelipwa kucheka. Halafu akaanza kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa: oh, mama una mikono ya dhahabu, oh, mama jina lako linavuma.

"Linavuma wapi?"

"Kila mahali."

"Basi lisemeni kila mahali. Mimi malipo sitaki." Mke wangu, aliyekuwa pale akitengeneza matundu ya vifungo, nusura ameze pini. "Nataka jambo moja. Siku hiyo, jukwaani, kwa kipaza sauti, aseme: gauni hili limeshonwa na Mama Sindano, nyuma ya stesheni. Maneno hayo tu."

"Ah, mama, hilo ni dogo mno."

"Kwa kuwa ni dogo, halitawashinda."

Kwa siku nne madada hao wawili waliokota chupa kwenye mitaro, wakazisugua kwa sabuni na mchanga, wakazianika juu ya paa la duka. Siku ya tano Meneja akaja kukagua. Akaishika moja kwa kucha mbili.

"Hizi zimechubuka."

"Ni takataka. Ulisema takataka."

"Takataka ndiyo, lakini mpya. Kamera hazitazipenda hizi. Halafu Balozi ana mzio."

"Mzio wa nini?"

"Wa takataka."

Kesho yake lori likasimama mlangoni. Katoni kwa katoni za maji ya kunywa, chupa mia nane, vizibo havijaguswa. Meneja akatoa amri moja tu: "Mwageni." Ujue mtaa ule ulikuwa na wiki mbili mifereji inakohoa hewa. Mke wangu akatazama chupa, akatazama mtaro, akaita majirani. Foleni ya ndoo ikafika hadi stesheni, na ndoo zilipojaa zote wakaanza na masufuria, na masufuria yalipokwisha maji yakaenda mtaroni. Mtaro ukatiririka kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili. Bata wakahamia. Meneja alikuwa akikimbia huku na huku amenyoosha mikono: "Msipige picha! Jamani, msipige picha!"

Kazi yenyewe haikuwa mchezo. Kila chupa ilikatwa kichwa na kitako, ikapasuliwa, ikanyooshwa, ikakatwa umbo la gamba la samaki, kingo zikapitishwa kwenye pasi ya moto ili zisichane ngozi. Cherehani ilivunja sindano kumi na moja kabla ya saa nne asubuhi, Mama Sindano akaisukuma pembeni akashona kwa mkono, kwa nailoni ya kuvulia samaki. Alitumia uzi mmoja mrefu uliopita kwenye kila gamba, kuanzia shingoni hadi kwenye pindo. Vidole vyake viwili vikawa kama chekecheo.

Balozi alikuja kupima kwa magari sita. Yakasimama nje yakinguruma na kutoa moshi, yasije yakapoteza ubaridi wa ndani. Akaingia, mwembamba, kucha ndefu kama vijiko vya chai, akanyoosha kidole kwenye kitambaa cha ndani.

"Hii nini?"

"Bitana, mwanangu. Inanyonya jasho."

"Inaninenepesha. Itoe."

"Bila bitana na bila tundu la hewa, humo ndani utaiva."

"Mama, mimi nimeyazoea mateso. Juzi nimepanda ndege na abiria wengine."

Bitana ikatolewa. Zipu nayo ikakataa, meno yake hayashiki plastiki. Ndipo Mama Sindano akaamua kwamba siku yenyewe atamshonea gauni mwilini, mgongoni, na mwisho wa ule uzi mmoja ataufunga fundo na kulificha chini ya gamba moja. Akamweleza Balozi taratibu, kama anavyoelezwa mtoto kuhusu jiko. "Fundo lile nalijua mimi. Nikilivuta, linafunguka mgongoni tu. Mtu mwingine akikata mahali pengine popote, magamba yote yatamwagika kama manyoya ya kuku anayenyonyolewa. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Na lile jambo letu?"

"Jambo gani? Aaah. Lile. Usijali."

Uzinduzi ulikuwa saa nane mchana, kwenye ukumbi mkubwa wenye madirisha yasiyofunguka. Mama Sindano alimaliza kushona mgongo wa Balozi kwenye chumba cha kubadilishia nguo, kisha akaambiwa asimame kwenye ukumbi mdogo wa nyuma, karibu na masanduku ya soda, ambako jukwaa lilionekana kupitia mlango tu, kwa sababu hakuwa na kadi ya mwaliko. Akasimama, tepu ya kupimia shingoni, kitambaa kipya kichwani. Alikivaa kwa ajili ya yale maneno. Dada yake alikuwa ubavuni pake.

Alianza mtaalamu wa hali ya hewa, mzee mmoja aliyesoma hadi nywele zikamwachia nafasi. Akapewa dakika mbili. Akasema joto la jua likiingia linanaswa na gesi zilizotanda juu, linaingia lakini kutoka halitoki. Alipofika hapo muziki ukapigwa, akashushwa.

Akapanda Balozi. Siwezi kumnyima haki yake: lile gauni lilimeremeta, watu wakasimama kwenye viti. Lakini jenereta halikuweza kubeba taa za televisheni na viyoyozi kwa wakati mmoja. Meneja akaulizwa azime kipi. Akazima viyoyozi.

"Ndugu zangu," alisema Balozi, kwa sauti ya kilio aliyoifanyia mazoezi, "dunia inaungua. Mimi silali. Nikiona chupa imetupwa, moyo unaniuma. Chupa hizi nimeziokota mimi mwenyewe, moja moja. Na gauni hili..." hapo Mama Sindano akashika mkono wa dada yake, akaubana, "gauni hili nimelishona kwa mikono yangu hii."

Akaiinua juu, na kucha zake zile.

Ukumbi ukavuma kwa makofi. Mama Sindano aliuachia mkono wa dada yake, akavua tepu shingoni, akaanza kuizungusha kwenye kidole, polepole, kama mtu anayefunga duka.

"Twende nyumbani," alisema mke wangu. "Twende, mdogo wangu. Watu hao hawana haya."

"Ngoja kwanza. Tazama shingo yake."

Shingo ya Balozi ilikuwa inang'aa. Ndani ya magamba kulikuwa kumeanza kutanda ukungu, kwanza kifuani, halafu tumboni, halafu gauni zima likawa jeupe kama kifuniko cha sufuria ya wali. Yule mtaalamu akasimama kwenye kiti chake, furaha imemjaa. "Mnaona? Ndicho nilichokuwa nasema! Linaingia, halitoki!"

Mwandishi wa habari mmoja, mama mtu mzima aliyewahi kushona sketi zake mwenyewe, akanyoosha kalamu. "Balozi, swali dogo. Huko mgongoni ulijishonaje?"

"Kwa... kwa kioo."

Watu wakacheka. Balozi naye akajaribu kucheka, lakini macho yalikuwa yameanza kuzunguka. Akamwinamia Meneja, na kipaza sauti hakikuwa kimezimwa: "Nitoe humu. Naiva."

Meneja akatoa mkasi. Balozi akapiga ukelele: "Usikate! Nitamwagika!" Basi Meneja akaja mbio hadi kwenye masanduku ya soda, miwani imemshuka hadi puani.

"Mama, njoo ufungue! Haraka!"

"Nifungue nini?"

"Gauni!"

"Gauni lina fundi wake. Ametuonyesha mikono sasa hivi, sote tumeiona."

"Mama, acha utani, mtu anakufa!"

"Hafi. Anayekaribia kufa hana nguvu ya kupiga kelele kiasi kile. Mwambie aseme maneno yetu. Ni machache, na ulisema ni madogo."

Meneja akarudi mbio, akanong'ona. Balozi akatikisa kichwa. Akanong'ona tena. Jasho likaanza kudondoka kwenye pindo la gauni, tone, tone, na mtu wa safu ya mbele akavuta miguu yake nyuma. Balozi akaleta kipaza sauti mdomoni.

"Nilisaidiwa."

"Hapana!" ilitoka sauti huko nyuma. Haikuwa ya Mama Sindano, ilikuwa ya mke wangu, na sauti ya mke wangu mimi naifahamu.

"Nilisaidiwa sana."

"Mwanangu," sasa alisema Mama Sindano, amesogea hadi mlangoni na mkasi mkononi, bila kupaza sauti, "mimi nina siku nzima."

Balozi akafumba macho. "Sikushona mimi. Gauni hili limeshonwa na Mama Sindano, nyuma ya stesheni. Na chupa ni mpya. Mama, nakuomba!"

Vichwa vyote ukumbini vikageuka. Mama Sindano akapita katikati yao, kitambaa chake kipya kichwani, hakukimbia wala hakujivuta. Njiani akachukua kitambaa cha meza ya wageni rasmi, glasi zikaporomoka, hakugeuka. Alipanda, akaingiza vidole chini ya gamba moja kiunoni, akavuta fundo. Mgongo ukafunguka kama ganda la njugu. Akamfunika binti wa watu kwa kile kitambaa kabla kamera haijaona lolote, akamwambia, "Pumua."

Na ule mvuke uliokuwa umefungiwa ukapanda. Ukapanda hadi kwenye dari, ukagota, ukatanda, ukawa wingu jeusi lenye tumbo. Likanguruma mara mbili. Kisha mvua ikanyesha humo humo ukumbini, safu tatu za mbele zikaloa, waziri akafungua mwavuli...

"Shemeji, rudia hapo."

Nilikuwa nikimsomea Mama Sindano daftari langu dukani kwake, mbele ya wateja watano. Muda wote alikuwa na pini mdomoni. Sasa alizitoa, moja moja.

"Hapo wapi?" nikauliza.

"Hapo pa mvua. Ilinyesha ndani ya ukumbi?"

"Manyunyu," nikasema.

"Manyunyu?"

"Tuseme unyevunyevu."

"Na wewe ulikuwa safu ya ngapi, ukaloa?"

Mke wangu hakuinua hata kichwa kutoka kwenye tundu la kifungo. "Safu ya kitandani. Nilimwacha amelala, feni imemwelekea, nikamkuta vile vile. Aliyemsimulia ni mimi, na mimi sikutaja wingu."

Wateja wakaangua kicheko. Nikajitetea kwamba mengine yote ni kweli.

"Na hao bata?" akauliza Mama Sindano.

"Bata mmoja."

"Wa jirani. Kila siku yupo pale." Akalaza pini zake mezani. "Bata nilikuachia. Foleni kufika stesheni nilikuachia, stesheni iko hapo hapo mbele. Lakini wingu sikuachii. Mtu akishasoma wingu, ataona na kule kutajwa umetunga. Nami nilitajwa, shemeji. Kwa kipaza sauti. Hilo usinichafulie."

Nikasema basi nitawanunulia wote chai.

"Chai tunayo. Tangu siku ile watu wanakuja kunitafuta, wanapotea, wanaishia kwa fundi viatu. Utanunua rangi, kwa pesa yako, na utaniandikia kibao. Leo."

Hivyo saa saba ya mchana nilikuwa juu ya ngazi, jua limenikalia utosini, brashi mkononi, wateja watano na mke wangu chini wakinisimamia kama makandarasi. Nilikuwa nimeandika MAMA SINDANO kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kama sahani. Nikaanza neno FUNDI.

"Hiyo N ya pili imepinda," alisema Mama Sindano kutoka chini, akiipima kwa jicho moja. "Futa."

Nikafuta.