Uyoga wa Mgeni Rasmi

Tabea alifungua banda la uyoga, akanyunyizia maji sakafuni, akatoka bila kuvuna hata mmoja. Mifuko ya kuoteshea iliyoning'inia ilikuwa imejaa, na kingo za uyoga zilishaanza kujikunja kwenda juu. Ulipaswa kuvunwa jana. Ukipitiliza unakuwa mgumu na kumwaga unga mweupe, na hapo hakuna hoteli itakayoutaka.

Danford, afisa ugani wa kata, ndiye aliyemfundisha hayo. Na Danford huyohuyo ndiye aliyemkataza asiuguse, maana leo serikali inautambua rasmi mkoa wa Njombe kuwa kitovu cha uyoga. Sherehe iko Makambako mjini. Ikiisha, mgeni rasmi atakuja kuvuna hapa mbele ya kamera. Sasa atavuna nini banda likiwa tupu? Haya bwana.

Asubuhi hiyo Yudita alipiga simu. Ana hoteli karibu na stendi ya Makambako, na ndiye mteja pekee wa Tabea; kila wiki anachukua mzigo wote.

"Mama Rejoice, jana umeniangusha. Leo nina wageni wa hiyo sherehe yenu. Niletee kabla ya saa sita, la sivyo nahamia kwa yule wa Ilembula."

"Nivumilie kidogo, dada."

Tabea alimfuata Danford, aliyekuwa anatandika zulia jekundu juu ya tope la mlangoni.

"Bwana Danford, nivune japo nusu."

"Unataka nifukuzwe kazi, Mama Rejoice? Ratiba inasema saa nne yuko hapa."

"Unajua kabisa uyoga unaharibika."

"Najua," alisema, akainama tena kunyoosha zulia.

Saa nne ikapita. Watoto wa shule walioletwa kuimba wakaanza kuomba maji. Huko mjini ilikuwa hotuba juu ya hotuba, na kila anayeshuka jukwaani anampisha mwingine mwenye shukrani zake. Saa sita na kidogo Yudita akapiga tena. Hakugomba. Alisema amechukua wa Ilembula, na wameshaelewana kwa wiki zote zijazo.

Tabea alikaa juu ya ndoo nyuma ya banda, akalia, akajifuta kwa kitenge. Wa kumfokea hakuwepo ila Danford, ambaye naye alikuwa hajala tangu asubuhi.

Magari yalifika saa tisa. Mgeni rasmi alishuka, akasalimu "Kamwene!" akapigiwa makofi kwa hilo neno lake moja la Kibena. Akaingia bandani na msafara wote na viatu vyao, akashika shada la uyoga, akalinyofoa. Unga mweupe ukamwagikia koti lake jeusi. Msaidizi akampangusa, makofi tena. Kisha akamkabidhi Tabea cheti chenye fremu.

"Mama, kilio cha wakulima siku zote ni soko. Je, wewe soko unalo?"

Danford alimkazia macho Tabea. Tabea hakujali.

"Nilikuwa nalo mpaka saa sita, mheshimiwa. Limeondoka tukikusubiri wewe."

Mgeni rasmi alitazama saa yake, akageukia kamera.

"Mmemsikia wenyewe. Soko lipo!"

Watu wakapiga makofi. Danford naye alipiga, bila kumtazama Tabea.