Ule Weusi wa Pistoni

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, na ubaya wake, aliyekuwa kisimani alikuwa mwingine.

Shemeji, kaka wa mke wangu, ni mchimba visima. Alikuwa chini kabisa anachota tope, na pampu yangu ndogo ya petroli inanyonya maji yaliyokuwa yakimtafuta magoti. Pampu ikizima, maji yanapanda. Mimi na mke wangu tulishika kamba aliyojifunga kiunoni.

Jana yake nilikuwa nimeifungua pampu hiyo. Ubavu wa pistoni ulikuwa mweusi; nikasema masizi hayo, nikasugua kwa msasa mpaka ikang'aa kama sufuria ya bi harusi. Silinda nayo niliiona laini mno, nikaipiga msasa uleule, kama nilivyozoea kwa silinda za chuma. Unga wa kijivu ukanijaa kiganjani, nikaupuliza huku napiga mluzi.

Asubuhi nilimsimulia muuza spea kwa majivuno. Hakucheka.

"Ule weusi si masizi, umepakwa kiwandani ili pistoni iteleze. Na silinda hiyo ni alumini. Ina utando mgumu ndani. Ukiutoa, pistoni na ukuta vitalana. Usiiwashe."

"Mbona nimeshaiwasha, inaimba!" nikamjibu, nikaenda zangu.

Sasa ilikuwa haiimbi.

"Shemeji!" sauti ikatoka shimoni. "Hicho kidude chako kinakohoa!"

"Kinakusalimia!"

Nilicheka peke yangu. Mlio ulizidi kuwa mzito, kama mtu anatafuna kokoto. Nikasogeza kiganja kwenye silinda, nikakitoa mbio. Neno lilikuwa moja tu, "panda", na sikulitoa, maana kulisema ni kukiri.

"Kuna nini?" mke wangu akauliza.

"Hakuna kitu."

Pampu ikalia kwikwi, ikakwama. Kimya. Halafu tukayasikia maji.

"Nivuteni! Mguu umenasa kwenye tope!"

Tukavuta. Kamba haikuja. Nilivuta hadi viganja vikachubuka, nikimwita shemeji, na safari hii hakunirudishia utani. Hakunirudishia chochote. Mke wangu alikuwa akilitaja jina la kaka yake taratibu, kama anambembeleza mtoto.

Ghafla kamba ikalegea, tukaanguka chali, tukainuka tunavuta. Kikaja kichwa chenye tope, kinatapika maji.

Shemeji alipopata pumzi, mke wangu akanigeukia. "Asubuhi ulipita kwa muuza spea. Alikwambia nini?"

"Petroli ndiyo chafu," nikasema, meno yakigongana. "Injini nzima kabisa. Imepata joto tu, ikipoa inapiga kazi."

"Mume wangu!"

"Nakwambia haina kasoro! Mimi ndiye fundi hapa, au nani?"

Shemeji akajifungua kamba kiunoni, akanitupia miguuni.

"Sawa, fundi. Ikipoa iwashe, halafu ushuke wewe. Kamba nitashika mimi."