Anua Nguo

Mume wangu, Wanyoike, humwita binti yetu Mama. Si mzaha. Kwetu Wakikuyu binti wa kwanza hupewa jina la mama mzazi wa baba yake, na wetu tukamwita Nyokabi, miezi michache baada ya kumzika mwenye jina. Basi mtoto akitaka kitu, baba yake anakubali kabla hajamaliza kuomba. Nani atamkatalia mama yake? Kazi ya kukataa niliachiwa mimi, na mimi naiweza sana.

Nilikataa mwezi mzima. Alama zake zilitosha kusomea uuguzi hapa hapa Eldoret, alale kitandani kwake, ale chakula changu. Yeye akataka kozi ya hali ya hewa, huko Nairobi. Hali ya hewa jamani!

"Yaani usomeshwe kuangalia juu?" nilimuuliza. "Kuku huangalia juu kila akinywa maji, na hana digrii."

Alicheka, lakini machozi yalimlengalenga.

Siku ya mwisho ya kutuma maombi ilitukuta kwenye banda langu la mitumba, karibu na steji. Nyokabi alikaa mlangoni na simu mkononi. Alikuwa amejaza kila kitu, hali ya hewa ikiwa chaguo la kwanza, ila hakutaka kutuma bila mimi kusema sawa.

"Nikienda ukiwa umenuna sitasoma, Mum," alisema.

Mtandao ungefungwa jioni hiyo. Nikajitia kukunja masweta. Ukweli ni kwamba sikuwa na ugomvi na mawingu. Niliogopa nyumba bila yeye.

Jua lilikuwa la kuchoma. Marinda yalining'inia nje kwenye kamba, hata moja halitikisiki. Nikasinzia juu ya furushi la masweta, na mama mkwe akaingia. Hakubisha hodi, hata uhai wake wote hakubisha. Alivaa gambuti zake zenye udongo wa Burnt Forest, wa lile shamba lake la viazi, akaketi kando yangu akinusa hewa. Zamani alikuwa akisimama uani, jua likiwaka, na kutuamuru tutoe nguo kambani. Tulimsengenya mpaka mvua itunyamazishe.

"Nimekukumbuka sana," nilimwambia, na kumbe ilikuwa kweli.

Akaniwekea mkono gotini. Ulikuwa na joto.

"Muthoni," akasema, "anua nguo."

"Mum, anua nguo!"

Nikafumbua macho. Nyokabi alikuwa amesimama nje, pua juu, akinusa. Ngai! Mtoto huyu hakumwona shosho yake hata siku moja.

Nasambu, jirani yangu anayeuza viatu, aliangua kicheko. "Dalili ya mvua ni mawingu, Mama Nyokabi, na mimi sioni hata moja."

"Lile pale, nyuma ya benki," Nyokabi akasema. "Linakua haraka. Mum, anua!"

Nilianua. Sikujua kama bado naota au niko macho, nilikuwa tu nakumbatia marinda na kukimbia nayo ndani. Tulipotoa la mwisho, mvua ya mawe ikashuka. Nasambu alipita mbio na viatu vyake kwenye karai, hacheki tena. Sisi tukabaki gizani katikati ya nguo, mabati yakinguruma.

"Nani alikufunza hivyo?"

"Hakuna. Mimi huhisi tu. Ndiyo maana nataka nisome, nijue kwa nini."

"Na ukienda?" nikauliza. "Mimi nani ataniambia nianue?"

"Nitakupigia simu."

Nikaitazama ile pua. Sikuwa nimewahi kumwita vile baba yake humwita. Hayo yalikuwa mambo yao wawili.

"Haya, Mama," nikamwambia. "Tuma."