Kondoo wa Khnumu

Kondoo alipopeleka pua kwenye kiganja cha yule msichana, gati zima liligeuka kutazama.

Kwetu kisiwani Abu, mashua itokayo Kushi haipiti bila kushusha mizigo mbele ya hekalu. Kondoo wa Khnumu, mungu wetu, huachiwa atembee katikati ya mizigo hiyo, na chochote akigusacho kwa mdomo ni cha mungu. Kuhani hushika kamba tu. Havuti, ng'o! Kuhani wetu Senebi aliishika tangu ujanani, na majivuno yake kwamba hajawahi kuvuta tulishayachoka.

"Baba kuhani, huyu si mzigo!" mama wa msichana alipiga kelele. "Ni mwanangu Amesa, nampeleka kwa mumewe!"

"Mbona umempanga na pembe za ndovu?" mlinzi wa lango akamtania. "Ungemwacha mashuani."

"Nimwache na wapiga makasia wale? Wewe una binti kweli?"

Watu wakacheka, kisha kicheko kikawakaukia. Safari moja mungu alichagua mpiga kasia. Hadi leo anafagia ua wa hekalu, mvi zimemjaa, na kwao hakurudi tena. Kamba alikuwa nayo Senebi, na usiku ule alilala fofofo bila majuto.

Pua bado si mdomo. Lakini kiganja kilikuwa na jasho la chumvi, na kondoo alishaanza kutoa ulimi.

"Baba kuhani," Amesa akauliza kwa sauti ndogo, "nikiondoa mkono nitakuwa nimemkosea mungu?"

Wengi walishamlilia Senebi, wengi walishamlaani. Kuulizwa, alikuwa hajawahi. Huruma ikamwingia.

"Tulia hivyohivyo, mwanangu," akasema. Kisha akavuta kamba.

Hakuvuta sana. Kondoo alipiga chafya, akageuka, akazamisha mdomo kwenye kapu la mtama.

Mlinzi aliitazama kamba, akamtazama Senebi. "Mungu kachagua?"

"Kachagua mtama."

Mama alijitupa chini, akamshukuru Khnumu kwa majina yake yote. Senebi alisimama akingoja adhabu ya mungu. Maporomoko ya mto yakaendelea kunguruma kama siku zote, na kondoo akaendelea kutafuna.

Mashua nyingine ilikuwa inafungwa gatini. Nahodha wake, mzoefu wa njia ile, akapaza sauti, "Baba Senebi! Mungu wako leo ana hamu ya nini?"

Siku zote Senebi alimjibu kwamba hayo anayajua mungu mwenyewe. Akafungua mdomo ayaseme tena, kisha akaitazama kamba mkononi mwake.